Pantoni Ikishang'oa Nanga: Mjadala wa P2

Mteja wa dawa hii hatamki jina lake kwa sauti. Anasubiri wenzake wapungue, anaegemea kaunta, kisha ananong'ona: "Dokta, nipatie P2." Mwingine hasemi kitu, anageuza simu muuzaji asome jina lililoandikwa kwenye kioo. Mwingine haji kabisa, anatuma bodaboda. Dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, inanunuliwa mitaani kama chupa ya gongo.

P2 ni kifupi cha Postinor-2, pakiti ya vidonge viwili ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungaria. Jina limezoeleka hata likawa la kila kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, awe amekitengeneza nani, kama vile siagi yoyote ya mkate inavyoitwa Blue Band. Ndani yake mna levonojestreli, homoni ile ile iliyomo katika aina nyingi za vidonge vya majira, ila kwa kipimo kikubwa: miligramu 1.5 kwa jumla.

Tuwaketishe watu watano mbele ya duka dogo la dawa upande wa Kigamboni, si mbali na kivuko. Wote ni wa kubuni, lakini hoja zao ni zile zinazosikika saluni, kijiweni na kwenye daladala. Yupo mfamasia mwenye duka. Yupo mkunga mstaafu, mama wa Kitanga aliyepokea watoto wengi kuliko anaowakumbuka. Yupo katekista wa kigango cha jirani, ambaye watu humwita mwalimu. Yupo binti anayesoma chuo mjini, na yupo dereva wa bodaboda aliyeegesha pikipiki yake kivulini akisubiri abiria.

Inatoa au inazuia?

Ubishi umeanza baada ya msichana mmoja kununua, akaitia pakiti kwenye mkoba na kuondoka haraka. Mkunga amemfuata kwa macho mpaka amepotea kwenye kona.

"Shikamoo mama," mfamasia amewahi.

"Marahaba. Lakini mwanangu, siku hizi unawauzia watoto dawa ya kutoa mimba hadharani?"

"Hii haitoi mimba, mama. Inazuia."

"Inazuia nini, na tendo limeshapita? Usiku wamelala pamoja, asubuhi anameza kidonge. Hapo kuna kuzuia kweli?"

Swali la mkunga ndilo kiini cha ugomvi wote, na jibu lake limo katika jambo ambalo wengi hawakufundishwa shuleni: mimba haitungwi usiku ule ule wa tendo, au mara nyingi haitungwi usiku huo. Yai la mwanamke, likishatoka kwenye ovari, hudumu muda mfupi, saa 12 hadi 24 hivi. Mbegu za mwanamume ndizo zenye subira. Ndani ya mwili wa mwanamke zinaweza kuishi hadi siku 5. Ndiyo maana siku za hatari ni kama sita kwa mwezi: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Mara nyingi, basi, mbegu hufika kwanza zikalisubiri yai.

Dereva wa bodaboda amecheka. "Kumbe ni kama pale kivuko cha Magogoni! Abiria wameshajazana, pantoni bado iko ng'ambo."

"Hapo hapo," mfamasia amelidaka. "Sasa P2 haiwafukuzi abiria, wala haizamishi pantoni. Inamwambia nahodha asubiri. Wale abiria tiketi zao ni za siku tano. Zikiisha kabla pantoni haijafika, safari hakuna."

Nahodha, kwa lugha ya tabibu, ni homoni inayoitwa LH, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Karibu na katikati ya mzunguko wa hedhi homoni hiyo hupanda kwa ghafla, na baada ya siku moja au moja na nusu yai hutoka. Levonojestreli ikimezwa kabla LH haijaanza kupanda, hulizima wimbi hilo au kulichelewesha. Ikimezwa wakati wimbi limeshaanza, inakuwa imechelewa.

"Na pantoni ikiwa imeshang'oa nanga?" dereva ameuliza.

"P2 hairudishi pantoni."

Jambo hili halikuachwa kuwa nadharia. Watafiti wa Chile, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapima damu wanawake waliofika kuomba kidonge cha dharura, wakatazama ovari zao kwa mashine ya picha, ili wajue siku ya kumeza yai lilikuwa limetoka au bado. Katika wale waliokuwa kwenye siku za hatari na kumeza kabla yai halijatoka, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Katika wale waliomeza siku ya yai kutoka au baada yake, mimba zilitokea takriban kwa kiasi kile kile ambacho kingetarajiwa kama wasingemeza kitu.

Mkunga amelifikiria hilo kwa muda. Kama kidonge kingekuwa kinaondoa mimba changa, au kinalizuia yai lililorutubishwa lisijishikize kwenye mji wa mimba, kundi la pili nalo lingeokoka. Halikuokoka. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilibadilisha maelezo ya pakiti ya levonojestreli inayouzwa kule, ikaondoa kabisa dokezo la zamani kwamba huenda inazuia yai kujishikiza.

Dawa za kutoa mimba ni nyingine kabisa, zenye majina mengine na kazi nyingine. Mwanamke ambaye tayari ana mimba akameza P2 bila kujua, mimba yake hubaki pale pale, na hakuna ushahidi kwamba kidonge hicho humdhuru mtoto aliye tumboni.

Katekista alikuwa kimya muda wote, ameshika kofia mapajani. "Mimi siongelei mashine, dokta. Naongelea uhai. Kwetu uhai unaanza mara mimba inapotungwa. Kama kuna shaka hata ndogo kwamba kidonge kinagusa kilichokwisha kutungwa, dhamiri inakataa."

"Na shaka hiyo ikiondoka, mwalimu?"

Hapa katekista hayuko peke yake, wala swali si geni. Februari 2013 maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani waliamua kwamba hospitali za Kanisa zinaweza kumpa mwanamke aliyebakwa kidonge cha dharura, mradi kiwe kinafanya kazi kwa kuzuia yai kurutubishwa, si kwa kuharibu lililorutubishwa. Mafundisho ya Kanisa dhidi ya uzuiaji mimba wa kutengenezwa, yaliyowekwa wazi na Papa Paulo VI mwaka 1968, hayakubadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali la sayansi, na uamuzi ukalifuata jibu hilo.

Honduras ilipita njia nyingine. Mwaka 2009 ilipiga marufuku vidonge hivi, wapinzani wa vidonge hivyo wakishikilia kwamba vinatoa mimba. Marufuku hayo yaliondolewa na Rais Xiomara Castro tarehe 8 Machi 2023. Kwa miaka zaidi ya 13 hata aliyebakwa hakuwa na njia halali ya kukipata kidonge hicho dukani.

"Basi nitasema hivi," katekista amejibu taratibu. "Nitaendelea kuikataa kama njia ya kuzuia uzazi. Ila sitasema tena mbele ya watu kwamba anayeimeza ameua."

Mkunga naye, aliyelelewa madrasa, amekumbusha kwamba katika Uislamu suala la kuzuia mimba kati ya mume na mke lilijadiliwa tangu zamani chini ya jina la azl, yaani kumwaga nje, na wanazuoni wengi waliiruhusu kwa ridhaa ya wawili. "Ugomvi wangu na nyie hauko huko. Wangu mimi uko kwa hawa watoto wasio na ndoa. Lakini endelea, mwanangu, nakusikiliza."

Saa zinahesabiwaje?

Binti wa chuo ndiye aliyeurudisha mjadala duniani. "Sisi hosteli tunaambiana ni siku tatu. Kwa hiyo mtu akikosea Ijumaa, ana Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Hana haraka."

Mfamasia ametikisa kichwa. Ameichukua risiti tupu akaandika: Ijumaa, saa 5 usiku. Chini yake: Jumatatu, saa 5 usiku. "Hizo ndizo saa 72. Lakini usizitazame kama pazia linalofunguka na kufungwa. Zitazame kama ndoo inayovuja."

Mvujo huo umepimwa. Mwaka 1998 kikosi cha utafiti cha WHO kilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi kadhaa. Wanawake waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24 za kwanza, dawa ilizuia asilimia 95 ya mimba ambazo zingetarajiwa. Kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Leo WHO inasema kidonge kinaweza kumezwa hadi saa 120, yaani siku 5, ila nguvu zake hupungua kadiri mtu anavyokawia.

"Kwa hiyo aliyemeza Jumamosi asubuhi na aliyemeza Jumatatu jioni wamenunua pakiti moja, kwa bei moja," mfamasia amesema, "lakini hawakununua kitu kimoja."

Mkunga ameitazama ile risiti. "Na bado mtapotezana. Kwetu sisi jua likishazama Ijumaa, usiku huo ni usiku wa Jumamosi. Nikikwambia jambo limetokea usiku wa Jumamosi, wewe wa mjini utahesabu tangu lini?"

Ukweli ni kwamba angehesabu saa 24 pungufu. Mama wa pwani anayesema usiku wa Jumamosi anaweza kuwa anataja usiku wa kuamkia Jumamosi, na kijana wa mjini akaelewa usiku wa kuamkia Jumapili. Kwenye mazungumzo ya harusi kosa hilo halina madhara makubwa. Kwenye kaunta ya dawa linaweza kumtoa mtu kwenye asilimia 85 likampeleka kwenye 58 bila yeye kujua. Mfamasia anasema ndiyo maana haulizi siku. Anauliza mlikuwa mmekula chakula cha usiku, adhana ya alfajiri ilikuwa imeshalia, na tangu hapo umelala mara ngapi.

Jambo la pili ni vidonge viwili vyenyewe. Maelezo ya zamani yalisema: kimoja sasa, cha pili baada ya saa 12. Wapo wanaomeza cha kwanza saa nane mchana na kulala usingizi mzito saa nane usiku cha pili kinapowasubiri. Wapo wanaomeza kimoja na kumgawia rafiki cha pili. Mwaka 2002 WHO ilichapisha matokeo ya jaribio lingine, katika nchi 10, yaliyoonyesha kuwa kipimo kizima cha miligramu 1.5 kwa mara moja kinafanya kazi sawa na kile cha kugawanya. Tangu hapo ushauri umekuwa rahisi: meza vyote viwili pamoja, sasa hivi. Pakiti nyingine siku hizi zina kidonge kimoja tu chenye kipimo chote. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia.

"Kutapika!" mkunga amedakia. "Wakati wetu ndiyo ilikuwa shughuli. Tulikuwa tunawahesabia vidonge vya majira, vinne na vinne."

Anachokikumbuka ni njia iliyopewa jina la daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, aliyeieleza miaka ya 1970: vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, kwa kipimo kikubwa, mara mbili kwa tofauti ya saa 12. Ilisaidia, lakini iliwachafua wengi tumbo. Lile jaribio la 1998 ndilo lililoiweka kando, maana levonojestreli peke yake ilizuia mimba zaidi na kuwatapisha wachache.

Yapo na mambo ambayo mnunuzi wa kunong'ona hapati nafasi ya kuulizwa. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, au efavirenzi miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwili wake huivunja levonojestreli upesi, na kipimo cha kawaida huenda kisitoshe. Dolutegravir, ambayo siku hizi ndiyo imeshika nafasi ya efavirenzi kwa wagonjwa wengi, haina tatizo hilo. Uzito nao una neno lake: dawa hupungua nguvu kwa wanene, na mwongozo wa watoa huduma wa Uingereza unamtaka mwenye zaidi ya kilo 70 afikiriwe dawa nyingine au kipimo maradufu.

Hiyo dawa nyingine ni ulipristali, kidonge kimoja cha miligramu 30, ambacho nguvu yake haishuki sana hadi saa 120, kwa kuwa kinaweza kulizuia yai hata wakati wimbi la LH limeshaanza kupanda, ilimradi halijafika kileleni. Na inayozishinda zote mbili si kidonge. Ni kitanzi cha shaba. Kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku 5 huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, hakijali uzito wala dawa ya kifua kikuu, na mwanamke akitaka anabaki nacho kwa miaka 10 kama njia yake ya kupanga uzazi.

"Mbona hilo la kitanzi hatujawahi kuambiwa?" binti ameuliza.

"Mnaniuliza P2," mfamasia amejibu, "na mnataka kuondoka kabla sijarudisha chenji."

Inaua kizazi?

Hofu kubwa hosteli, binti anasema, si dhambi wala polisi. Ni kizazi. Kila mtu anamjua mtu anayemjua dada aliyemeza P2 akiwa mwaka wa kwanza na hajapata mtoto mpaka leo.

Hakuna ushahidi wa hilo. Homoni ya kidonge huondoka mwilini baada ya siku chache, na mwanamke anaweza kushika mimba mwezi huo huo. Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawaujui. Pantoni imecheleweshwa, haikufutwa safari. Aliyemeza Jumamosi na kulala tena na mwenzake Jumatano bila kinga amepeleka abiria wapya kivukoni, na pantoni iliyokuwa imezuiwa inaweza kufika siku hiyo hiyo. Kidonge cha Jumamosi hakimlindi. Baada ya levonojestreli anaweza kuanza njia yake ya kawaida papo hapo na kutumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Baada ya ulipristali asubiri siku 5 kabla ya kuanza njia yenye homoni, kwa sababu homoni hizo hupingana.

Kinachowatia watu hofu ni hedhi kuvurugika. Inaweza kuwahi, inaweza kuchelewa, matone ya damu yanaweza kutokea katikati, na wengine hupata kichefuchefu, kichwa kuuma au uchovu kwa siku moja au mbili. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, kipimo cha mimba kifanyike. Maumivu makali ya tumbo la chini, upande mmoja hasa, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana mimba yoyote inaweza kutunga nje ya mji wa mimba.

Dereva wa bodaboda amejikuna kidevu. "Dokta, kuna kaka mmoja hapa mtaani nampelekea mzigo huu karibu kila wiki. Huyo dada anayemeza, anajiua?"

"Hajiui. Lakini anajidanganya."

WHO haisemi kwamba kurudia kidonge ni sumu. Inasema hii ni njia ya dharura, haifai kuwa ya kila siku. Sababu ni hesabu za kawaida tu: kila anapomeza kuna uwezekano mdogo wa kushindwa, na uwezekano huo, ukirudiwa wiki kwa wiki, unajumlishana. Hedhi yake itakuwa haieleweki, kwa hiyo hata siku ya kushtuka itampita. Sindano, kijiti, kitanzi au vidonge vya majira vinampa ulinzi mkubwa zaidi kwa usumbufu mdogo zaidi. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo, P2 ikiwemo, kinachomkinga na kaswende, kisonono au virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo ni ya kondomu.

"Na huyo kaka," mkunga ameongeza, "mwambie na yeye anaweza kuingia dukani. Kondomu zipo."

Nani auziwe?

Sasa mkunga amefika alipokuwa anataka kufika tangu asubuhi. "Haya, haitoi mimba, haiui kizazi. Lakini ukiiweka wazi kama peremende, watoto watajiachia."

Hoja hii imewahi kupimwa pia. Mapitio ya mtandao wa wataalamu wa Cochrane yalikusanya majaribio 11 kutoka Marekani, China, India na Sweden, ambamo baadhi ya wanawake walipewa vidonge vya dharura mapema wakae navyo nyumbani. Waliopewa hawakuonekana kuongeza ngono isiyo salama wala magonjwa ya zinaa, na hawakuacha njia zao za kawaida za uzazi wa mpango. Mkunga hapo ameshindwa. Ila mapitio hayo hayo yana sehemu ya pili, na mfamasia, kwa uungwana, ameisema bila kuulizwa: idadi ya mimba nayo haikupungua. Wanawake walikuwa na kidonge kabatini na mara nyingi hawakukimeza siku walipokihitaji.

"Kwa nini?" binti ameshangaa.

"Kwa sababu mtu hajui kwamba leo ndiyo siku ya hatari. Au anajiambia haiwezi kuwa. Au anaona aibu hata ya kujikiri mwenyewe."

Tanzania ina sababu zake za kulitazama hili kwa macho makavu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa wanaojifungua kurudi katika shule za kawaida, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Mlango huo ni jambo jema, lakini msichana anayerudi darasani anarudi na mtoto wa kunyonyesha.

"Na mimi nina lingine," mkunga hakukubali kushindwa kabisa. "Akija mtoto wa miaka 15 na sare yake chini ya koti, unampa kidonge anaenda. Sheria yetu inasema aliyelala naye amebaka, hata kama mtoto mwenyewe anasema alipenda. Wewe umezuia mimba. Mhalifu je? Umemzuia nani?"

Kimya kimepita. Mfamasia, ambaye amekuwa na jibu kwa kila swali, safari hii amekubali kwamba hana. Foleni ikiwa ndefu, anasema, anauza kwa nusu dakika. Kumwuliza mtoto mbele ya watu ni kumfukuza, na akifukuzwa leo atarudi baada ya saa 60, au ataenda kunywa maji ya chumvi na soda ya baridi kama walivyomwambia wenzake. Kutomwuliza ni kumrudisha alikotoka.

Walipokubaliana wote watano ni kwenye jambo moja. Aliyebakwa, mtoto au mtu mzima, hapaswi kuambiwa akatafute kwanza fomu ya polisi, PF3, ndipo atibiwe. Saa zake ni zile zile, na zinakimbia pande mbili: kidonge cha kuzuia mimba kina thamani zaidi kikiwahi, na dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, zinazomezwa kwa siku 28, lazima zianzwe ndani ya saa 72. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyo katika baadhi ya hospitali, Bara na Zanzibar, vilianzishwa ili tabibu, polisi na ustawi wa jamii wakutwe chini ya paa moja. Katekista amesema hilo atalitangaza kigangoni Jumapili, na hataona haya kulitaja jina la dawa.

"Utalitamka kwenye misa, mwalimu?" binti ametabasamu.

"Baada ya misa. Kwenye matangazo."

Mkunga amemtaka mfamasia aweke kiti kimoja nyuma ya rafu, palipo na pazia, na akajitolea kukaa hapo Jumamosi na Jumatatu asubuhi. Mfamasia amesema sheria za duka zinahusu nani atoe dawa, hazimkatazi bibi kukaa kwenye kiti na kusalimiana na watoto. Wakawa bado wanabishana kuhusu pazia liwe la rangi gani simu ya dereva ilipoita.

Alisikiliza, akaitikia, akasema atapita dukani na kuileta. Ni ule mzigo wake wa kila mara, mteja yuko Kibada. Kwa kawaida angeuweka mfukoni, akabeba abiria wawili watatu wa njiani, akafika jioni. Alikuwa ameshaanza kukata simu, akairudisha sikioni.

"Kaka, samahani. Ilikuwa tangu saa ngapi?"

Jibu lilimfanya aitazame ile risiti iliyokuwa bado juu ya kaunta. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kisha akachukua pakiti, akamwambia mama aliyekuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki ashuke achukue nyingine, na akawasha.